Miiko ya Mama wa Usenge

Jumatatu, 7 Machi 1994

Mama mkwe amefika leo kutoka Usenge na gunia la dagaa wa ziwani, omena, blanketi lake na sheria. Tom alikuwa ameniambia mama yake anakuja kutusalimu tu, lakini mtu anayekuja kusalimu habebi blanketi. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshanikataza mambo matatu: nisisimame mlangoni, nisiruke kamba ya ng'ombe, nisile mayai. Nilitaka kumuuliza hapa Kaloleni, katikati ya Kisumu, ng'ombe wa kufungwa kamba atatoka wapi. Nikamwongezea sukari.

Ninaandika nyuma ya kitabu changu cha vipimo, kwa sababu kurasa za mbele zimejaa vifua na viuno vya watu. Mimi ni fundi wa kushona, meza yangu iko barazani pale soko la Kibuye. Kliniki wamesema nipunguze kazi, na mkono uliozoea cherehani haujui kukaa bure.

Hii ni mimba ya tatu. Niandike mara moja nisirudie. Ya kwanza nilifuata kliniki neno kwa neno, nikazaa mtoto ambaye hakulia. Ya pili nilihamia upande wa wazee, nikala walichosema nile, nikalala walivyosema nilale, na yule hata kufika hakufika. Kwa hivyo wote nimewaona wakishindwa. Mara hii ninachagua mwenyewe, hili nichukue huku, lile nichukue kule, na nikikosea nijue nimekosea mimi.

Jumatano, 9 Machi

Joto. Mvua inanguruma upande wa ziwa lakini haiji. Nimekula mayai kwa Mama Zamzam.

Ijumaa, 11 Machi

Mama Zamzam ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, jina lake Habiba, anauza leso sokoni. Babu yake aliletwa huku na reli kutoka pwani, akaoa hapa, na sasa Habiba anaongea Kijaluo kunishinda mimi niliyezaliwa nacho. Ananikaangia mayai na kitunguu huku dirisha limefungwa ili harufu isivuke ukuta. Tunacheka kama wasichana wa shule.

Yeye pia ana mwiko wake: jua likizama nisitoke nje kichwa wazi. Huo nimeuchukua. Kitambaa ninacho, na hauniumizi popote.

Jumanne, 15 Machi

Leo nimekasirika. Mama ameanza kunifuata Kibuye. Anakaa chini kando ya cherehani, anachambua mawe kwenye omena, na macho yake yako kwangu. Alikuja mwanamke kutoka Ahero aliyefiwa na dada yake, anataka nguo ya kumvalisha marehemu, nyeupe, mikono mirefu, na lesi shingoni. Nguo hizo ndizo zinazonilisha. Siku hizi kila Jumamosi watu wako matangani, na wanaozikwa wengi ni wa rika langu. Nilikuwa nimeshachukua tepu nimuulize vipimo, Mama akasimama. Akamwambia yule mwanamke kwa heshima, pole sana, lakini huyu fundi kwa sasa hashoni za marehemu, aende upande ule kwa fundi Waliaula.

Nilimngoja hadi tuko njiani. Nikamwambia ile ni kazi yangu, na yeye hakunifundisha. Hakupandisha sauti.

"Dorca, hiyo ingine yote unanidanganya, na mimi najua. Mayai unakula kwa Habiba, mimi si mtoto. Lakini hii moja usinidanganye. Mkono yenye itashika mtoto isishike nguo ya maiti."

Ile mimba ya kwanza nilishona nguo za namna hiyo hadi wiki ya mwisho. Kliniki haikunikataza, kwa nini wanikataze, hakuna kitabu cha daktari chenye jambo hilo. Lakini nimelala mara nyingi nikiwaza zile nguo, moja moja, na kola zake. Tom hajui kwamba ninaziwaza.

Mwiko huu nitaufuata. Si kwa sababu ya Mama, ni kwa sababu ya woga wangu mwenyewe.

Jumapili, 20 Machi

Mvua imefika. Mabati yanapiga kelele, hakuna anayesikia mwenzake ndani ya nyumba. Nimepumzika siku nzima, kama kliniki walivyoagiza.

Alhamisi, 24 Machi

Kliniki. Sista Nabututu amenipima, akasema presha imepanda kidogo, ataichunga. Sheria zake nazo si haba: vidonge vya damu, miguu juu mchana, nisisafiri mbali, nisikanyage sana pedali ya cherehani. Nguo za mtoto nitayarishe mapema, na zikiwa za mitumba nizichemshe na kuzipiga pasi kabla hazijagusa ngozi yake. Nile mayai, maini na omena.

Mama alikaa nje kwenye benchi, hakutaka kuingia. Nilipotoka alitaka kusikia yote. Nilipofika kwa omena akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hapo sista amesoma. Kwa nguo za mtoto alisimama kabisa. Nguo ya mtoto hainunuliwi kabla mtoto hajaonekana, akasema, hata uzi.

Ijumaa, 1 Aprili

Ijumaa Kuu. Mtoto amecheza kwa nguvu. Nimemshikisha Tom mkono pale pale.

Jumanne, 5 Aprili

Walifungua bale jipya la mitumba karibu na meza yangu, na juu kabisa palikuwa na sweta ndogo ya njano, vifungo vyake vimechongwa kama bata. Nimeshika nguo za watu wazima miaka yote hii, nilikuwa nimesahau nguo inaweza kuwa ndogo hivyo. Sikuwa ninamfuata sista wala kumpinga Mama. Nilishindwa tu kuipita. Nimeificha nyumbani, kwenye sanduku la vipande vya vitambaa, chini kabisa.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua. Mayai.

Jumamosi, 16 Aprili

Leo nimejua jambo, na sijui niliweke wapi.

Mama alishinda uani tangu asubuhi akichambua omena ileile aliyoichambua jana. Nilimtania kwamba omena hiyo sasa imekuwa safi kuliko sisi. Hakuinua kichwa. Nikaona ni kiburi chake cha kawaida, nikaenda zangu.

Alasiri Habiba akanivuta jikoni kwake. Akaniambia dada yake Mama, yule mdogo aliyeolewa Luanda Kotieno, amezikwa leo. Tom alijua tangu Jumatatu, lakini Mama alimkataza kuniambia. Habiba alimkuta Mama nyuma ya bafu analia, ameuma leso yake ili nisisikie. Akamuuliza kwa nini hakwenda kumzika dada yake wa tumbo moja. Mama akamjibu kwamba akienda atarudi na matanga kwenye nguo zake, na nyumbani kuna mjamzito.

Mimi nilikuwa nikimtania kuhusu omena.

Nilitaka kwenda kumshika. Sikujua nianzie wapi, kwa sababu rasmi sijui kitu. Nilimpikia ugali wa wimbi anaoupenda, nikakaa karibu naye. Alikula kidogo. Aliponirudishia sahani alinishika mkono kidogo zaidi ya inavyohitajika kurudisha sahani. Usiku huu sitakula yai la mtu, wala kesho.

Jumatatu, 18 Aprili

Nimekula. Moja tu. Sista pia alisema, na mtoto ananiumiza mbavu kwa njaa.

Alhamisi, 28 Aprili

Mama analala ameketi, mgongo ukutani, eti kitanda kinamkaba. Anakohoa. Miguu yake imevimba, na yangu imevimba, tukaiweka sambamba kwenye kiti kimoja tukaitazama. Alicheka, akasema wa kwake unaonekana una mapacha. Ni mara ya kwanza kumsikia akitania. Tom anataka ampeleke hospitali. Mama anasema ni baridi ya mvua, na kwamba yeye hakuja Kisumu kutibiwa, alikuja kulinda.

Jumatano, 4 Mei

Sweta haipo.

Nilitaka kuitoa niitazame kidogo, kama ninavyofanya Tom akienda kazini. Nikafukua sanduku hadi mwisho. Vipande vyote viko, sweta hakuna. Mama alikuwa jikoni.

Nikamuuliza kama ametupa nguo ya mtoto wangu. Akasema, "Haiko kwa hii nyumba." Basi. Alirudi kwenye sufuria yake. Nilihisi kama ametia mkono tumboni mwangu na kutoa kitu. Nikamwambia, "Mama, wewe unapenda sheria kuliko unavyompenda huyu mtoto." Nilisema kwa Kiswahili ili nisiseme kwa Kijaluo, kwa sababu kwa Kijaluo ingekuwa mbaya zaidi.

Alisonga ugali hadi ukaiva. Akapakua. Alimpakulia Tom, akanipakulia mimi, yeye hakula.

Ijumaa, 6 Mei

Ameondoka asubuhi. Alisema mvua imekuwa nyingi na mtama wake Usenge unahitaji palizi. Tom alimbebea kikapu hadi stendi. Blanketi ameliacha, na nusu ya gunia la omena.

Nilisimama mlangoni na uso wangu wa hasira. Alikuwa ameshashuka kwenye ngazi, akageuka, akarudi, akanisukuma begani polepole hadi nikaingia ndani. "Toka mlango, nyathina," akasema. Akaniita mwanangu, na siku zote huniita Dorca. Akaenda akisimama kila hatua chache kama mtu anayetafuta kitu chini.

Amekasirika, na aendelee kukasirika. Nyumba ina nafasi sasa.

Jumatatu, 9 Mei

Nimekaanga mayai kwangu, dirisha wazi. Hayakuwa na ladha.

Alhamisi, 12 Mei

Mvua ya mawe. Majani ya sukuma wiki ya Habiba yametobolewa yote.

Nimejikuta nimesimama mlangoni nikiitazama. Nikatoka mlangoni.

Ijumaa, 20 Mei

Sista Nabututu hakunichekea leo. Presha imepanda sana. Amesema nilale, miguu juu, cherehani nifunge kabisa, nisitoke nje ya mji huu hata kwa harusi, na kichwa kikiniuma au nikiona giza nikimbizwe mara moja. Nikamuuliza kama mtoto yuko sawa. Akaniwekea kile kipembe chake tumboni akasikiliza muda mrefu, akasema yupo, anapiga vizuri, tusimharakishe.

Nimemwambia Tom aandike Usenge, amuulize Mama atarudi lini. Nimechoka kukasirika peke yangu.

Jumanne, 24 Mei

Mama amekufa.

Anyango, dada yake Tom anayekaa Usenge, alipiga simu kutoka posta hadi ofisini kwa Tom pale reli. Alikufa Jumapili, wakati watu wako kanisani. Alikuwa ameketi nje juu ya mkeka, mgongo ukutani kama alivyokuwa akilala hapa. Walidhani amesinzia. Mwili umepelekwa mochari ya Bondo, mazishi ni Jumamosi.

Tom alinieleza hayo akiwa amesimama na koti limelowa. Hakulia mpaka alipoona lile blanketi.

Nikamwambia nitaenda. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Akaniambia sista amekataza safari, nikasema najua. Akaniambia mjamzito hasimami kwenye kaburi wala haangalii maiti, nikasema hilo pia najua. Kwa mara ya kwanza tangu nibebe mimba hii kliniki na Usenge wanakubaliana, neno moja, Dorca asiende. Nimehangaika miezi hii yote kuchagua kati yao, na leo hakuna cha kuchagua, na ndiyo siku ninayotaka kuwakatalia wote wawili. Nilimwambia Tom mtu huyu aliacha kumzika dada yake kwa ajili yangu, nami nikamfukuza kwa sababu ya sweta. Nilisema nikilala hapa Jumamosi sitaweza kuamka Jumapili.

Hapo ndipo aliponiketisha. Akasema Mama hakuondoka kwa hasira.

Alimwambia Anyango siku ileile aliyofika. Tangu Aprili alikuwa anajua mwili wake unakwisha. Alihesabu kwamba hatafika mavuno. Na akaona akifa atafia kwetu, kwenye chumba kile, ukuta mmoja na kitanda changu. Anyango alimsihi arudi Kisumu kwenye hospitali kubwa, madaktari wako huko, mwanawe yuko huko. Tom alinirudishia maneno yake kama Anyango alivyoyasema kwenye simu:

"Nyumba ya Dorca imetoa watoto wawili. Mimi siwezi lazimisha ilale na maiti ya tatu. Nitangojea hapa."

Nimelia hadi Habiba akaja kwa mlango wa nyuma bila kuitwa. Alidhani ni mtoto.

Mwiko huo tungeulegeza, Mama. Ungeniuliza. Mimi niliyelegeza wa mayai, wa mlango na wa sweta bila kukuuliza, ungeniuliza huo mmoja tu. Ningekuambia lala hapa, tutaita gari asubuhi, sista atakupima moyo, na ukifa utakuwa umefia kwa watu wako. Hukuniuliza kwa sababu ulijua ningesema hivyo.

Jumatano, 25 Mei

Siendi. Nimelikubali asubuhi hii, si kwa sababu ya presha. Alikwenda kufa peke yake ili kifo kisikae na mtoto huyu. Nikienda leo nikasimama mbele ya jeneza, basi atakuwa alikwenda bure.

Tom alikuwa anatafuta viatu vyake akasema, bila kunitazama, kwamba atapita Kibuye kwa Waliaula kumwagiza nguo ya Mama. Nikasema hapana.

Akaniuliza hapana nini. Nikasema nguo ya Mama nitashona mimi. Akakaa kitandani. Ni mtu mpole, Tom, hajawahi kunigombeza kuhusu miiko, anatupisha tu sisi wanawake tupite. Leo alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Dorca, hii ndiyo moja aliomba. Hii moja peke yake."

Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana.

Sijui kama alielewa. Sijui kama mimi nimeelewa. Ninachojua ni kwamba Waliaula ni fundi mzuri lakini hajui kwamba bega la kushoto la Mama limeshuka kwa miaka ya kubeba magunia ya omena. Atakata mabega sawa, na Mama atalala miaka yote na nguo iliyokaa upande.

Alhamisi, 26 Mei

Nashona kwa mkono, kitandani, miguu juu ya mto. Pedali sigusi, hapo namtii sista. Kitambaa ni cha bluu, Habiba alikichagua dukani kwa sababu mimi siwezi kutembea. Alikuja pia na maneno. Akasema, "Dorca, nipe mimi nishone. Mimi sina mimba, mimi hiyo kitu haitanipata." Habiba hajui kushona hata kifungo. Angeshona nguo nzima kama ningemruhusu, ikapinda, na akaivumilia. Nilimpa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano. Alikaa hapo akitunga na kusoma dua yake chini chini kwa ajili ya tumbo langu, nami sikumkataza. Leo ninachukua dua za wote.

Sikuhitaji vipimo. Nilijua kifua, nilijua urefu, nilijua mkono unaishia wapi kwa sababu niliutazama mkono huo ukichambua omena tangu Machi.

Naogopa. Niandike hivyo. Kila nikivuta uzi mtoto anasogea, na asiposogea naacha sindano nangoja hadi asogee. Nimeongea na Mama kwa sauti, Habiba akidhani naongea naye. Nimemwambia ile moja uliyoniomba nisikudanganye, sikudanganyi, ninaivunja mbele yako. Kama kuna lolote la kuja kwa ajili ya nguo hii, lipitie kwako kwanza, na najua hutalikubali.

Ijumaa, 27 Mei

Imeisha mchana. Kola nyeupe. Nimeweka na mfuko upande wa kulia. Nguo za marehemu hazina mifuko, hakuna anayewahi kuuliza, lakini Mama hakuwahi kutembea bila mahali pa kuweka leso. Habiba ameipiga pasi ya makaa. Tom ameondoka nayo ameifunga kwa gazeti na nailoni juu kwa sababu ya mvua.

Jumamosi, 28 Mei

Wanamzika. Hapa mvua tangu asubuhi. Nimelala kama nilivyoagizwa.

Jumatatu, 30 Mei

Amecheza sana leo. Namshukuru kila teke.

Alhamisi, 2 Juni

Tom amerudi, amekonda. Anasema watu wa Usenge walisema mengi kuhusu mke wa mwana mkubwa asiyekuja. Anyango akawajibu mbele ya wote kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyesema asije, na mwenye swali aende akamuulize. Anasema nguo ilikaa sawa. Nilitaka kusikia hilo tu. Nikamwuliza na bega. Akasema hata bega.

Kisha akanipa kikapu. Anyango alikikuta chini ya kitanda cha Mama, kile alichoondoka nacho hapa, kikiwa kimefunikwa kwa gunia la omena. Akamwambia Tom anipe mkononi, asimpe mtu mwingine.

Juu kabisa ilikuwa sweta yangu ya njano.

Chini yake kulikuwa na kofia nyeupe ya kufuma, imeanza kugeuka rangi kwa kukaa. Chini yake shali ndogo. Kisha soksi, kisha gauni lenye maua ambalo halijawahi kuvaliwa. Anyango alimweleza Tom. Kofia Mama aliinunua mimba ya kwanza. Shali, ya pili. Gauni na soksi alizinunua Machi hii, kwenye bale, siku moja kabla ya kupanda gari kuja kwangu kunikataza kununua nguo. Alipomuuliza mbona anavunja mwiko wake mwenyewe, Mama alisema mwiko unakataza nguo kulala kwenye nyumba ya mimba, na Usenge si nyumba ya mimba. Alikuwa amelipima jambo hilo, huyu mwanamke. Alikuwa na mlango wa nyuma kama mimi na mayai yangu. Sweta yangu hakuitupa. Aliipeleka kwa wenzake.

Na nilipomshtaki hakujitetea, kwa sababu kuzitaja tu kungekuwa sawa na kuleta nguo zile ndani ya nyumba.

Miaka yote hii nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyewangoja wale wawili. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine ng'ambo, na kofia mkononi, anangoja naye, kisha anairudisha chini ya kitanda bila kuniambia.

Jumanne, 7 Juni

Mvua inapungua. Kikapu kiko kwa Habiba. Tom alishangaa, akaniuliza si nimeacha miiko. Nikamwambia hapa ndipo nyumba ya mimba, pale kwa Habiba si nyumba ya mimba. Habiba amekiweka juu ya kabati lake la leso bila kuuliza.

Jumatano, 15 Juni

Ninaandika nikiwa nimeegemea mto wa wodi.

Kichwa kilianza kuuma alfajiri, nikaona vimulimuli, Tom akakimbilia gari. Sista Nabututu hakuwa zamuni lakini aliposikia alikuja. Mambo mengine siyakumbuki vizuri. Nakumbuka mtoto ametoka, na nakumbuka kimya. Nilikifahamu kimya kile, nimewahi kukisikia. Nikaiona ile nguo ya bluu, mshono kwa mshono, na mfuko wake. Nikasema Mama. Muuguzi mmoja akadhani namwita yeye, akasema tulia. Walikuwa wamemgeuza, wanamsugua mgongo, sista anamnyonya kamasi na mpira.

Akalia. Sauti ya kukwaruza, ya hasira. Msichana.

Nililia naye hadi wakaniambia nitapandisha presha.

Ijumaa, 17 Juni

Tom amemwita Perez, jina la mama yake. Hatukujadiliana.

Habiba ameleta kikapu wodini, na mayai ya kuchemsha ndani ya leso. Sista alipoinua kofia akaipeleka puani, akaniuliza ni nani anayehifadhi nguo za mtoto pamoja na samaki. Nikamwambia nyanya yake. Akasema zirudi nyumbani zikachemshwe zote, na pasi, kama alivyoniambia Machi.

Jumapili, 26 Juni

Jua la kweli leo, kamba ya Habiba na yangu zimejaa. Nimechemsha kofia, shali, soksi na gauni, nikazipiga pasi pande zote mbili. Hapo nimemtii sista bila kupunguza kitu. Perez mdogo amevaa kofia ya yule wa kwanza. Inamfunika masikio.

Sweta ya njano sijaichemsha. Ilikaa na Mama siku zake za mwisho, na imeshika harufu ya gunia lake hadi ndani ya nyuzi. Nikiichemsha itakuwa sweta kama zote za Kibuye. Mtoto hataivaa, basi. Nimeikunja, nimeiweka ndani ya lile blanketi.

Nilikuwa nimembeba, nimesimama nikitazama nguo zikikauka, nikagundua nimesimama mlangoni. Sina mimba sasa, hakuna wa kunikataza, mwiko umeshakwisha kazi. Nikarudi ndani.